Zimwi Likujualo: Mtoto na Mawazo Yake katika Nyumba ya Kipigo

Kwa mila za Wamakonde wa Newala, kusini mwa Tanzania, mvulana ambaye hajaingia jandoni hukuzwa akimwogopa lipiko, kinyago cha ngoma. Anachokiona uwanjani ni sura ya mti mwepesi uliochongwa na kupachikwa nywele za mtu kweli, imefunika kichwa kizima. Nguo zimeficha mwili, na mchezaji anaiona njia kupitia upenyo wa kinywa. Anaambiwa huyo katoka kwa wafu. Jandoni hufunuliwa siri: aliyemo ni mtu, pengine jirani, na anatokwa jasho. Kwa mtoto anayeteswa nyumbani mambo yamepinduka. Sura ni ya mtu anayemjua, anayemwita baba au mama, na kitisho kimejificha nyuma yake, wala hakuna ajaye kumfunulia. Hoja yangu ni kwamba mtoto huyo hulazimika kujichongea lipiko lake, na kwamba hiyo ni kazi ya akili.

Kazi yenyewe ni kumtenga mpigaji na mzazi. Anayepiga mlango teke usiku si baba, ni zimwi lililovaa shati la baba. Hivyo asubuhi mkono uleule ukimnyooshea kipande cha muhogo, mtoto anaweza kuupokea. Tukimwambia aache upuuzi wa mazimwi, tunamnyang'anya njia pekee aliyonayo ya kuendelea kumpenda mtu asiyeweza kumkimbia. Karl Weule, Mjerumani aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika kwa makini juu ya michezo ya watoto wa huku, na miongoni mwa vitu vyao alikuta simu ya uzi. Naitaja kwa sababu ndiyo mfano bora ninaoujua wa kazi hii ya akili: uzi unaoshikwa mkononi, na sauti upande wa pili. Daktari wa watoto Donald Winnicott, katika kitabu chake cha mwaka 1971, aliuweka mchezo mahali hapohapo, kati ya yaliyomo moyoni na yaliyopo duniani.

Mtanipinga kwamba mtoto wa namna hii huishia kuwa mwongo. Lakini mwongo hutaka aaminiwe, ilhali mtoto huyu mara nyingi hamwambii mtu. Pingamizi la pili ni zito zaidi: hadithi hizohizo za mazimwi ndizo tunazowatishia watoto, na jando lenyewe lina maumivu yake. Nalikubali. Tofauti naiona kwenye mwisho. Hadithi ina mwisho, na jando lina siku ya kutoka. Kipigo cha nyumbani hakina kalenda. Wala si jambo la nyumba chache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Ninalolihofia zaidi ni sifa. Ni rahisi mno kuustaajabia ubunifu wa mtoto, kisha tukaenda zetu kulala. Ubunifu peke yake hautoshi. Mwanasaikolojia Emmy Werner alifuatilia watoto waliozaliwa kisiwani Kauai, Hawaii, mwaka 1955, na waliokulia katika dhiki wakasimama imara kwa kawaida walikuwa na walau mtu mzima mmoja wa kuegemea. Kwa Wamakonde, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mtu huyo alikuwa na jina: mjomba. Nyumba yake ilikuwa nyumba ya pili ya mtoto kwa haki, si kwa hisani. Leo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayeonewa azifikishe serikali za mitaa, yaani inatutaka sote tuwe wajomba, ingawa sheria hiyohiyo bado inaacha nafasi ya adhabu inayoitwa ya kiasi, nafasi ambayo kila mpigaji hujiona anaimudu. Mjomba akikosekana, na jirani akinyamaza, uzi wa ile simu hauna mtu upande wa pili. Ndipo wazee humliwaza mtoto kwa methali kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Isikilizeni vizuri: haisemi kwamba haliki.