Taa ya Kazi si Taa ya Safari

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa watu wengi huenda likaonekana dogo, lakini kwa sisi tunaopita usiku katika barabara ya Iringa na Mbeya ni jambo la kufa na kupona. Nazungumzia taa nyeupe inayofungwa nyuma ya gari, na hasa nyuma ya yale magari yetu ya kizee, Land Rover.

Nianze na kisa. Usiku mmoja nilikuwa natoka Iringa kwenda Mbeya. Nilikuwa nimepita Makambako, manyunyu yanaanguka na ukungu umetanda. Ghafla nikaona mbele yangu taa mbili nyeupe, kali, tena upande wangu wa kushoto. Akili iliniambia jambo moja tu: kuna gari linakuja, na limo katika njia yangu. Nikakanyaga breki, nikatoka nje ya lami, magurudumu ya kushoto yakaingia majanini. Nilipotulia ndipo nikagundua kwamba taa zile haziji. Zinakwenda. Ilikuwa Land Rover ya zamani, pikapu ndefu, nayo ikielekea Mbeya kama mimi, na taa zile mbili zilikuwa zimefungwa nyuma yake.

Niliifuata polepole hadi Chimala, iliposimama penye vibanda vya chai. Dereva alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, amevaa koti zito.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza yaliyonipata. Mzee akageuka, akatazama gari lake, akashika kichwa. "Nisamehe sana mwanangu," akasema. "Tumeshusha viazi Makambako, nikasahau kuzizima."

Nilikuwa na hasira, sikatai. Lakini hasira ilipungua aliponieleza kwa nini taa zile zimefungwa. Utingo wake alipondeka vidole viwili kule Isyonje, walipokuwa wakipakia viazi gizani. Kijana alikuwa ameibana tochi kwa meno, gunia la lumbesa likateleza, likambana mkono kwenye mlango wa nyuma. Tangu siku ile mzee akaapa kwamba hatapakia tena bila taa.

Basi, ndugu msikilizaji, mzee yule alikuwa na haki, na papo hapo alikuwa na kosa. Tuanze na haki yake.

Kazi za Nyanda za Juu Kusini hazingoji jua. Viazi vya Uporoto hupakiwa usiku ili viwahi soko la alfajiri. Mbao za Sao Hill na mizigo ya Mufindi husafiri katika ukungu. Na katika njia za milimani gari ambalo halikatai ni Land Rover. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na la mwisho la ukoo ule wa zamani lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Lakini waliolitengeneza siku zile hawakufikiria sana yule anayefanya kazi nyuma ya gari. Mengi ya magari hayo ya mwanzo hayakutoka kiwandani hata na taa ya rivasi. Kwa hiyo anayefunga taa ya kazi nyuma hafanyi mbwembwe. Anamtunza utingo wake. Tusimcheke.

Sasa tuje kwenye kosa. Jumamosi iliyofuata nilikutana na mzee katika gereji moja mjini Mbeya, maana nilimwahidi kwamba tutakwenda pamoja kwa fundi umeme. Fundi alipoinama chini ya gari alitikisa kichwa. Waya wa taa ulikuwa umetolewa moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi. Umepita karibu na bomba la moshi, kisha ukaingia katika tundu la bati lisilo na mpira. Kila gari linaporuka kwenye shimo, bati linausugua waya. Siku ganda likiisha ni shoti, na shoti isiyo na fyuzi ni moto. Baadhi ya Land Rover ndefu zina tangi la mafuta nyuma. Msikilizaji, jumlisha mwenyewe.

Fundi yule alifanya kazi yake kwa utaratibu, na nitaueleza, kwa sababu wako wasikilizaji wenye magari ya namna hii.

Kwanza alitazama betri. Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilifungwa kinyume na magari ya sasa, yaani upande chanya wa betri ndio uliounganishwa kwenye bodi. Taa ya balbu haijali jambo hilo, lakini taa ya LED ukiigeuza haiwaki, na pengine huharibika kabisa.

Pili alipiga hesabu. Taa mbili za wati 55 kila moja ni wati 110, na kwa betri ya volti 12 zinakula zaidi ya ampea 9. Dinamo ya Land Rover ya miaka ya 1960 hutoa takriban ampea 22 injini inapokwenda vizuri, na injini ikiwa sailensa haitoi karibu chochote. Pakia viazi saa tatu taa zikiwaka, umekwisha kula ampea-saa 27 katika betri ya 60. Kama betri ni kuukuu, mtasukuma gari mpaka kijiji cha pili. Mzee akashauriwa taa mbili za LED za wati 18 kila moja. Hizo zote mbili zinakula ampea 3 tu.

Tatu ni njia ya umeme. Waya mnene kutoka betri, na fyuzi ikae hapo hapo karibu na betri, si huko nyuma kwenye taa. Kisha rilei: umeme wa betri unaingia namba 30 na kwenda kwenye taa kwa namba 87, na swichi ya dereva inaendesha namba 85 na 86 peke yake. Kwa njia hiyo mzigo mkubwa haupiti kwenye swichi ndogo ya dashibodi. Waya ukapitishwa juu ya chesisi, mbali na bomba la moshi, na kila tundu likatiwa mpira.

Nne ni athi, na hapa ndipo wengi hukosea. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgawo huko Uingereza. Aluminiamu ikikutana na bolti ya chuma, pakaingia unyevu wa nchi yetu hii ya ukungu, huota unga mweupe na umeme haupiti vizuri. Ndiyo maana taa za magari haya hufifia na kupepesa, watu wakalaumu balbu. Fundi alipeleka waya wa athi hadi kwenye chesisi, akakwangua rangi, akapiga msasa mpaka chuma king'ae, akafunga kwa nati na kupaka grisi.

Kazi ikaonekana imekwisha. Mzee akatoa pochi. Fundi akasema, "Bado, mzee wangu."

Akachukua taa ndogo nyekundu, akaitoboa mahali kwenye dashibodi, mbele kabisa ya macho ya dereva, akaiunganisha ili taa za nyuma zikiwaka, na hiyo iwake. Kisha akazilegeza taa zenyewe na kuziinamisha, mwanga ukaanguka chini, hatua chache nyuma ya gari. Akamwambia mzee arudi nyuma hatua thelathini na kutazama. "Unaona balbu?" "Sioni, naona ardhi." "Sasa ndiyo imekwisha."

Ndugu msikilizaji, ile taa ndogo nyekundu ndiyo mazungumzo yangu ya leo. Nyingine zote zilifungwa ili mzee aone. Hii ilifungwa ili akumbuke kwamba kuna mwenziwe nyuma.

Barabara ina lugha yake, na lugha hiyo ni moja karibu duniani kote: nyeupe ni mbele ya gari, nyekundu ni nyuma. Anayewasha nyeupe nyuma na huku anakwenda, anasema uongo kwa mtu asiyeweza kumuuliza. Hata gari likisimama, uongo unabaki. Kwetu tunaendesha kushoto. Dereva wa basi anayeona taa nyeupe kushoto kwake atadhani ni gari linalomjia, na atajiuliza kama yeye mwenyewe amehama njia. Nusu dakika ya kujiuliza, pale Kitonga penye kona na korongo, ni nyingi mno.

Kwa hiyo ukisimama kufanya kazi usiku, toa gari lote nje ya lami. Weka pembetatu zako mbali, mbele na nyuma. Yale matawi ya miti tunayoyazoea yana kazi yake mchana, lakini usiku hayang'ai, na mara nyingi mwenye gari huondoka akayaacha barabarani yakawa mtego kwa mwingine. Washa taa ya kazi ikiangalia chini. Ukimaliza, zima kwanza, ndipo uwashe injini.

Nimesikia madereva wengine wakisema kwamba wanaiwasha kwa makusudi ili kumkomesha anayewafuata na taa kali. Kwa hao sina maneno mengi. Ukimpofusha anayekufuata mlimani, akishindwa kona atamgonga nani? Wewe ndiye uliye mbele yake.

Wiki mbili zilizopita nilikutana na mzee yule sokoni Mbeya, utingo wake akishusha magunia. Kijana alinionyesha mkono wake; vidole vimepona, kimoja hakikunji sawasawa. Nikamwuliza kuhusu taa. Akacheka. "Mzee siku hizi kabla ya kuondoka ananiuliza, 'Nyekundu imezimika?' Nami nikisema imezimika, haamini, anashuka kwenda nyuma kutazama mwenyewe."

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mzee yule hakuona haya kuambiwa kosa lake na mtu aliye umri wa mwanawe. Tungekuwa na madereva wengi wa namna hiyo, barabara yetu ingepungua misalaba ya pembeni.