Pete Kidoleni na Betri ya Motokaa

Wapo mafundi wengi wa magari, mijini na mashambani, ambao hawathubutu kuugusa waya wa umeme wa nyumbani, lakini betri ya motokaa huishika kama mtu ashikavyo debe la maji. Jambo hilo lina sababu yake. Umeme wa nyumba za Kenya una volti 240, na betri ya motokaa ndogo ina volti 12 tu. Fundi akiweka mikono miwili mikavu juu ya ncha mbili za betri hahisi kitu. Basi hunena moyoni mwake ya kuwa betri haina madhara, na kijana anayejifunza kazi kwake hufundishwa vivyo hivyo.

Maneno hayo ni nusu ya kweli. Ngozi kavu ya mwanadamu huuzuia umeme, na volti 12 hazitoshi kuipenya na kumtetemesha mtu. Lakini chuma, shaba, fedha na dhahabu haviuzuii. Ncha mbili za betri zikiunganishwa kwa kipande cha madini, umeme uliomo hukimbilia njia hiyo kwa nguvu zake zote, na ndipo watu husema ya kuwa betri imepiga shoti. Betri nzima ya motokaa yaweza kutoa ampea mia kadhaa kwa namna hiyo, na betri kubwa za malori hupita 1,000. Mafundi wa kuchomelea milango ya chuma watalielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa mashine zao huyeyusha chuma kwa ampea 100 hivi, nazo volti zake wakati wa kuchomelea si nyingi.

Sasa na itazamwe kazi yenyewe. Katika magari mengi, ncha ya hasi ya betri imefungwa kwa waya kwenye bodi ya gari. Maana yake ni kwamba bodi yote, injini, boneti na kila chuma kilicho wazi, ni ncha ya hasi. Fundi ashika spana namba 10 ili afungue ncha ya chanya. Spana yagusa pete iliyo kidoleni mwake, na pete hiyo yagusa chuma cha gari. Njia imekamilika. Umeme wapita katika spana, waingia katika pete, watoka katika bodi, na kwa kuwa pete ni nyembamba, huwaka moto kwa muda mfupi kabisa. Kidole hakikupigwa na umeme hata kidogo. Kimeunguzwa na madini ya moto yaliyokizunguka.

Spana ikipiga shoti, mtu huitupa. Pete haitupiki. Hiyo ndiyo sababu jeraha la pete ni baya kuliko udogo wake. Huzunguka kidole chote, na kidole kinapovimba, ngozi iliyoungua haikubali kutanuka, na damu yaweza kukosa njia ya kufika kwenye ncha ya kidole. Wengine huhitaji kupandikizwa ngozi, na kidole chaweza kupotea. Tena pasiwe na mtu wa kudanganywa na ukosefu wa maumivu. Ngozi ikiungua hadi chini, mishipa ya hisia nayo huungua, na kidonda cheupe kilicho kikavu, kisichouma, huenda ndicho kibaya zaidi.

Mtu akipatwa na ajali hiyo, kwanza atengwe na betri, kisha mkono wake uwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu haifai, wala siagi, wala dawa ya meno, wala unga. Pete ivuliwe mapema kabla kidole hakijavimba. Lakini ikiwa imeganda kwenye ngozi, isivutwe, bali ikatwe na waganga hospitalini. Jeraha lililozunguka kidole halifai kutibiwa gerejini, hata likionekana dogo.

Kinga yake haina gharama. Pete, saa ya mkanda wa chuma, bangili na mkufu vivuliwe kabla ya boneti kufunguliwa. Mtu mwenye mke huona haya kuivua pete ya ndoa, na wengine hudai ya kuwa haitoki tena; huyo wa pili ndiye aliye hatarini zaidi. Kisha ncha ya hasi ifunguliwe kwanza, na wakati wa kurudisha ifungwe mwisho. Hasi ikiisha kutolewa, spana iliyo kwenye chanya yaweza kugusa bodi bila ya kutokea neno. Yapo magari ya Kiingereza ya kabla ya miaka ya 1970 ambayo chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, na machache bado yatembea. Katika hayo, chanya hufunguliwa kwanza.

Cheche nazo zina hatari ya pili. Betri ya risasi na tindikali inapochajiwa hutoa haidrojeni, hewa isiyoonekana wala kunuka, na cheche moja yatosha kuilipua. Tindikali ikirukia macho, yaoshwe kwa maji mengi kwa dakika 20 au zaidi, kisha mtu apelekwe hospitalini bila kukawia.

Siku hizi betri haziko gerejini tu. Nyumba zinazotumia umeme wa jua huwa na betri mbili, tatu au nne zilizoungwa pamoja, na hazina swichi ya kuzizima zenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampasa mwajiri kuwafunza na kuwalinda wafanyakazi wake, lakini nyumbani mlinzi ni mwenye nyumba. Betri hizo ziwekwe mahali penye hewa, ncha zake zifunikwe kwa mpira, na pasiwekwe juu yake kitu cho chote cha chuma, hata ikiwa ni kijiko. Betri itakayobebwa kwenye pikipiki au matatu ifunikwe ncha zake vivyo hivyo, hata ikisemekana imekufa, kwa kuwa betri isiyoweza kuwasha gari yaweza bado kuichoma pete.