Juu ya Gundi ya Kushikia Vito

Maneno ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetupa nafasi ya kueleza jambo ambalo katika hesabu za mwaka limeandikwa kwa neno moja tu, yaani "gundi". Twajua wako waliolisoma neno hilo wakaguna, kwa sababu fedha zilizoandikwa mbele yake zimezidi zile za karatasi na wino, na gundi ni kitu ambacho kila mtu akijua, dukani yauzwa kwa shilingi chache. Sisi tunaoshika daftari la fedha tulikuwa wa kwanza kuguna. Ndiyo sababu wazee wametaka tuseme sisi, wala si fundi.

Hapana haja ya kuwakumbusha watu wa Taita habari za mawe. Lile jiwe la kijani liitwalo tsavoraiti, ambalo ni la jamii ya ganeti, lilitambuliwa na mtaalamu wa madini, Campbell Bridges, upande wa Tanzania mwaka wa 1967, na miaka michache baadaye akalikuta upande wetu. Mwaka wa 1974 likapewa jina kutokana na Tsavo, na jina letu likaenda hata New York. Lakini mawe yenyewe aghalabu huondoka kwetu yakiwa ghafi, na faida ya kuyakata huliwa na wengine. Kwa ajili hiyo Chama kilinunua mashine moja ya kukatia vito, na vijana wetu wakaanza kujifunza katika chumba kilicho nyuma ya ukumbi huu.

Sasa mtu asiyepata kuingia chumba kile hudhani kwamba fundi hushika jiwe kwa vidole. Sivyo. Jiwe hubandikwa kwenye ncha ya kijiti cha shaba ya manjano, kilicho kama penseli fupi, na kijiti hufungwa katika mkono wa mashine, mkono ambao hupimwa kwa digri. Hapo jiwe huteremshwa juu ya diski inayozunguka, yenye chembe za almasi, huku maji yakitona. Kila uso wa kito hukatwa kwa pembe yake. Jiwe likisogea juu ya kijiti kwa unene wa unywele tu, nyuso hazikutani tena, na kazi ya siku nzima imeharibika. Kwa hiyo vyote viwili, yaani mashine ya thamani kubwa na jiwe la thamani kubwa zaidi, vimeungana kwa tone la gundi lisilojaza kucha ya kidole kidogo.

Tena jiwe hubandikwa mara mbili. Mara ya kwanza upande wake wa juu, ulio bapa, hubandikwa kwenye kijiti chenye ncha bapa, ndipo fundi hukata sehemu ya chini iliyochongoka. Kisha jiwe huhamishwa. Kijiti cha pili, chenye ncha iliyotobolewa kama kikombe, huja kuishika ile sehemu iliyochongoka, vijiti vyote viwili vikiwa vimelazwa katika mstari mmoja, halafu kile cha kwanza huachishwa. Basi gundi njema yatakiwa na tabia mbili ambazo kwa kawaida hazikai pamoja: ishike sana wakati wa kazi, na iachie kwa hiari wakati wa kuhamisha, pasipo kulidhuru jiwe. Mtu akiuliza tu "ipi ina nguvu kuliko zote?" ameuliza nusu ya swali.

Gundi ya kale ni lakiri. Wazee mliofanya kazi posta na mahakamani mwaijua lakiri ya kupigia mhuri. Hii ni ndugu yake. Asili yake ni utomvu mgumu unaotolewa na wadudu wadogo juu ya miti huko India na nchi za jirani, na mafundi wa Jaipur wamebandika mawe kwa utomvu huo tangu zamani. Hulainika kwa joto, kati ya digri 65 na 80 hivi kwa kadiri ya mchanganyiko wake, na ikipoa hushika. Uzuri wake ni kwamba hujaza kila pengo, haina haja ya kungoja, na jiwe likikaa upande laweza kupashwa moto kidogo na kunyoshwa. Mzee mmoja alituuliza mwaka jana kwa nini tusitumie lakiri ya bahasha. Ile huvunjika upesi mno. Kwa kazi hii utomvu wapaswa kuwa mwingi.

Lakini lakiri yataka mkono wenye adabu. Jiwe na kijiti lazima vipate joto pamoja, polepole, juu ya taa ya spiriti. Kijana akiimimina lakiri ya moto juu ya jiwe baridi, kwa macho itaonekana imeshika, kumbe imelala tu, na jiwe litaanguka wakati mbaya. Akiichemsha hata itoke povu, ameiua. Hata ikishikamana vema, maji yakikauka juu ya diski jiwe hupata moto, lakiri hulegea, na jiwe husogea pasipo fundi kujua.

Gundi ya pili ni epoksi, ile ya mirija miwili ambayo huchanganywa sawa kwa sawa. Hii haina haja ya moto. Hujaza pengo kama lakiri, na ikikauka hushika kuliko lakiri. Iko ya dakika 5 na iko ya saa 24, na jina la dakika 5 lisiwadanganye: baada ya dakika hizo imeganda tu, nguvu yenyewe haijaja. Ubaya wake ni kuachia. Huna budi kuipasha moto, au kulilowesha jiwe katika asetoni kwa siku nzima na pengine zaidi. Akina mama wataijua asetoni, ndiyo hiyo ya kuondolea rangi ya kucha. Ziko pia dawa kali za kuondolea rangi ya mbao zinazofanya kazi hiyo kwa upesi, lakini mvuke wake ni sumu, nasi tumekataza zisiletwe katika chumba kisichokuwa na madirisha mawili.

Ya tatu ni supaglu, gundi ya haraka. Hushika kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, na hapa Mombasa ni upesi zaidi, kwa kuwa hugandishwa na unyevu wa hewa. Kwa sababu hiyo hiyo chupa iliyofunguliwa leo huwa jiwe kabla ya mwisho wa mwezi. Nayo ni rahisi sana. Hapo ndipo yalipo makosa yetu.

Mwezi wa Juni fundi alituletea ombi la kununua epoksi ya saa 24 pamoja na lakiri ya vito. Tuliitazama bei, tukatazama sanduku la fedha, tukamwandikia kwa wino mwekundu: "Gundi ni gundi. Tumia iliyopo." Iliyopo ilikuwa supaglu. Majuma mawili baadaye mama mmoja mwanachama, mjane, akaleta jiwe la kijani ambalo marehemu mumewe alikuwa ameliweka miaka mingi ndani ya kopo la chai. Lilikuwa na uzito wa karati 9, yaani gramu 1.8. Fundi alilitazama kwa taa akasema litatoa kito cha karati 2 na robo. Twawaomba mkumbuke hesabu hiyo, kwa maana tsavoraiti safi inayovuka karati 2 ni adimu, na bei ya kila karati hupanda pale mpaka unapovukwa.

Sehemu ya chini ilikatwa vizuri kabisa. Hapo supaglu haikuwa na kosa, kwa sababu ubapa ulikuwa umelala juu ya ubapa, na gundi ile hufanya kazi pale ambapo hapana pengo. Kisha jiwe likahamishwa. Lakini lilikuwa la umbo la yai, na kikombe cha kijiti ni cha duara. Basi viligusana pale na pale tu, na penginepo palikuwa wazi. Supaglu haijazi nafasi wazi. Tena ikikauka huwa kavu na yenye kuvunjika kama kioo, hustahimili kuvutwa kuliko kugongwa. Siku ya kung'arisha upande wa juu, diski ikiwa inazunguka, tulisikia mlio mdogo kama wa punje ya mahindi ikiruka kikaangoni. Jiwe lilikutwa ukingoni mwa sinia, na kiuno chake, yaani ule mzunguko wa kati, kimemeguka mahali pawili.

Fundi alilikata upya ili kuondoa mameguko. Kito kilichopatikana kilikuwa kizuri. Kilikuwa cha karati 1.8.

Hakuna mtu aliyemlaumu fundi, nasi hatutaki alaumiwe leo. Wino mwekundu ulikuwa wetu.

Baada ya siku ile tulikwenda kukaa katika chumba cha kazi, jioni baada ya ofisi, ili tujue tunachokinyima fedha. Tulijifunza kwamba uchaguzi wa gundi huanza na jiwe lenyewe. Yakuti nyekundu, kama zile za Mangari, ina ugumu wa 9 katika kipimo ambacho almasi ni 10. Yasipokuwa na nyufa nyingi, mawe hayo huvumilia taa ya spiriti vizuri, na lakiri yafaa. Tsavoraiti ina ugumu wa 7 na kidogo. Haina mkondo wa kupasukia, lakini mara nyingi ina nyufa na vijidudu vya madini mengine ndani yake, na jiwe la namna hiyo likipashwa moto kwa ghafula ufa hukimbia. Lakiri yawezekana, kwa subira. Epoksi ni salama zaidi.

Tanzanaiti ni habari nyingine. Baadhi ya wanachama huleta mawe hayo kutoka kwa jamaa wa upande wa Arusha. Ajabu yake ni kwamba rangi yake ya buluu kwa kawaida hupatikana kwa kuliweka jiwe katika tanuri lenye joto la digri 500 hivi, na bado jiwe hilo hilo laweza kupasuka kwa taa ndogo ya spiriti. Tulimbishia fundi juu ya jambo hili. Akatuonyesha kwamba tanuri hupanda polepole na kushuka polepole, bali taa hupiga upande mmoja kwa ghafula. Na tanzanaiti ina mkondo, hupasuka kama kuni iliyonyoka. Jiwe hilo lisipewe moto kamwe. Hubandikwa baridi: supaglu kwa upande ulio bapa, epoksi kwa upande wa pili, na wakati wa kuhamisha tone la asetoni huila supaglu ilhali epoksi bado imesimama. Opali nayo ina maji ndani ya mwili wake. Moto ni adui yake vilevile.

Kwa mawe mengine fundi sasa huanza na lakiri na kuhamishia kwenye epoksi, kwa kuwa kijiti cha kwanza kikipashwa kidogo lakiri hutangulia kulegea. Kabla ya yote jiwe hufutwa kwa spiriti, na baada ya hapo haliguswi kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yetu, hata ya mtu aliyenawa, hutosha kuharibu gundi ya bei yoyote. Twakiri kwamba sisi wenyewe tuliligusa jiwe moja tukishangaa mng'ao wake, tukatolewa nje.

Basi zile fedha mnazoziona katika ukurasa wa hesabu zimenunua epoksi ya saa 24, lakiri ya vito, asetoni, na meza ya pili. Meza imeandikwa pamoja na gundi kwa sababu asetoni hushika moto upesi, na haifai kuwa wazi penye taa ya spiriti. Zamani vyote vilikuwa juu ya meza moja. Twashukuru Mungu hatuna habari ya kuwaletea juu ya hilo.

Yako mambo mawili ambayo Kamati haikutaka kuyaamua pasipo mkutano. Moja ni daftari: twaomba kila jiwe linaloingia liandikwe uzito wake, gundi itakayotumika kila upande, na sababu yake, mwenyewe atie sahihi kabla halijabandikwa. Vijana wanaona ni kazi nyingi ya kalamu. Sisi, mwajua, hatuiogopi kalamu.

La pili ni jiwe la Mama. Wako wazee wanaosema kwamba mwanachama aletapo jiwe huleta pamoja na hatari yake, na Chama kikilipa mara moja kitalipa daima. Wako wanaosema hatari ya jiwe ni ya mwenyewe, bali hatari ya ubahili wa ofisi si yake. Sisi ni washitakiwa katika shauri hili, hatuwezi kuwa waamuzi. Twasema tu kwamba mchango wetu wa mwaka huu tumeuweka mikononi mwa Mweka Hazina, utumike katika fidia hiyo mkiikubali. Msipoikubali, ununue gundi.

Mama yupo nasi, amekaa safu ya pili karibu na mlango, naye ameomba kunena mwenyewe. Bwana Mwenyekiti, twaomba apewe nafasi sasa.