Wakati wa Kumuuza Mchezaji: Tusome Mkataba Kabla ya Kuhesabu Umri



Dirisha la usajili likifunguliwa, mjadala wetu klabuni huanza na umri. Fulani amezeeka, auzwe. Mimi naomba tuanze na mkataba. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi 6 au pungufu kusaini na klabu nyingine, na muda ukiisha anaondoka bure. Mnunuzi analijua hilo vizuri, naye husubiri.

Arsenal wanatufundisha pande zote mbili, kuuza kwa wakati na kuchelewa. Mwaka 2005 walimuuza Patrick Vieira, nahodha wao, kwa Juventus akiwa na miaka 29. Mashabiki waliumia. Lakini Cesc Fàbregas alikuwa tayari kikosini, na msimu uleule kijana huyo aliifunga Juventus ya Vieira pale Highbury, Arsenal wakafika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Thierry Henry naye aliuzwa Barcelona mwaka 2007, akiwa na miaka 29. Miaka mingi baadaye klabu hiyohiyo ilimpa Pierre-Emerick Aubameyang mkataba mpya wa miaka mitatu akiwa na miaka 31. Mwaka 2022 aliondoka bila ada ya uhamisho.

Nyumbani Tanzania mifano ipo. Yanga walimwachia Fiston Mayele kwenda Pyramids mwaka 2023, alipotoka kuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika. Ni nadra bei ya mshambuliaji kupanda tena baada ya hapo. Msimu uliofuata Yanga walitwaa ubingwa wa ligi, Stephane Aziz Ki akifunga mabao 21. Simba, mwaka 2021, waliwauza Clatous Chama na Luis Miquissone katika dirisha moja. Kila uuzaji ulikuwa na hoja yake, ila wote wawili ndio waliokuwa wakitengeneza mabao. Ubingwa waliouchukua misimu minne mfululizo ukahamia Jangwani kwa Yanga, na Chama akarejeshwa dirisha dogo la Januari 2022. Nguzo mbili za safu moja zisiondoke pamoja, hata fedha ziwe nono kiasi gani.

Kuhusu vijana wanaosugua benchi, hapa ndipo tunapopoteza zaidi. Tunawashikilia kwa hofu ya majeruhi, nao hawachezi, na kila mwezi wasiocheza wanazidi kusahaulika sokoni. Kijana wa namna hiyo apelekwe kwa mkopo mapema, angali na mwaka mmoja na nusu wa mkataba, acheze kila wiki. Akiuzwa, klabu idai asilimia ya mauzo yake yajayo. Na aambiwe na kocha ana kwa ana kabla hajasoma gazetini. Ana familia, ana kodi ya nyumba.

Wapo wakongwe wasiouzika kwa faida, na hao wasifukuzwe kwa sababu hiyo. John Bocco alidumu Simba tangu 2017 hadi 2024, muda mrefu akiwa nahodha. Mchezaji kama huyo apewe mkataba wa mwaka mmoja mmoja na kazi inayoeleweka kwa vijana.

Pendekezo langu: kila Novemba, kabla ya dirisha dogo, kamati ya usajili na kocha wakae na orodha ya mikataba yote inayoisha ndani ya miezi 18. Kwa kila jina waandike uamuzi mmoja: kuongeza, kuuza, au kuacha muda uishe. Uamuzi huo utiwe saini, na mchezaji ajulishwe kabla ya Januari.