Jina la Kabila na Kiwanja cha Jirani

Maneno yaliyosemwa kwa jina la Baraza la Parokia, nyuma ya Misa ya Yubilei



Kila mwenye kusimama mahali hapa siku kama ya leo anangojewa aseme habari za majengo: nani alichoma matofali ya kwanza, kengele ilitoka wapi, Mapadri Weupe walitembea siku ngapi kwa miguu. Habari hizo zimekwisha kuandikwa katika kurasa nyingine za kitabu cha Yubilei, na picha zake ni nzuri. Baraza lilikutana mara tatu kuchagua neno la leo, na mara tatu tulirudi kwenye neno moja ambalo hakuna aliyetaka kulisema wa kwanza. Basi tulipatana tuliseme wote kwa sauti moja, ili asipatikane mtu mmoja wa kuchukiwa.

Neno lenyewe ni hili: sisi tunaosali chini ya paa moja tungali tunaishi kama watu wa bariere.

Wakubwa wanakumbuka bariere za wakati wa vita hapa Ituri. Muti mmoja juu ya njia, kamba, na vijana wenye bunduki, wengine hawajaota ndevu. Hawakuanza kwa kuuliza umebeba nini. Waliuliza: “Weye ni wa wapi?” Na mwenye kujibu jina la kijiji tu aliulizwa tena, kwa maana kilichotafutwa ni kabila.

Kwa ajili ya wageni wetu tueleze jambo moja, ambalo wenyeji wamelizoea hata hawalioni tena. Katika Djugu, Wahema wa kaskazini, wanaoitwa pia Wagegere, husema Kilendu tangu zamani za babu. Wahema wa kusini, upande wa Irumu, ndio walioshika Kihema, lugha iliyo ndugu ya Kinyoro cha Uganda. Hivyo kwenye njia za Djugu kijana wa bariere na msafiri wake walisikilizana vizuri sana. Walitukanana kwa lugha moja, na mtu aliomba uzima wake kwa lugha ileile ambayo yule mwenye bunduki alifundishwa na mama yake. Kwa kuwa ulimi haukuweza kuwatenga, walitafuta alama nyingine: jina la babu, umbo la pua, harufu ya maziwa katika nguo, kiganja chenye ugumu wa jembe. Wengine wetu tulipona kwa sababu babu alikuwa na jina lisilojulikana. Wengine wa nyumba zetu waliuawa kwa jina lilelile ambalo wazazi walilitamka kwa furaha siku ya ubatizo. Na mtoto wa baba Mlendu na mama Mhema, je, alikuwa wa wapi? Wako hapa kati yetu. Wao waliogopa bariere zote mbili.

Tusidanganyane kwamba zamani hapakuwa na ugomvi. Mwaka 1911 shefu Bomera wa Wahema aliuawa na Walendu upande wa kusini. Bula Matari, kwa kutafuta utulivu wa kazi zake, aliwatenga watu na kuikata nchi vipande, kila kipande na jina la kabila: Walendu-Pitsi, Walendu-Djatsi, Walendu-Tatsi, Walendu-Bindi, Bahema-Nord, Bahema-Sud, Bahema-Badjere. Majina hayo yalibaki nyuma ya uhuru. Mtu akienda ofisini kutafuta karatasi, huulizwa anatoka katika kipande gani, na hata yule anayechukia ukabila huuandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha likaja jambo la ardhi, na hapa tunaomba mtusikilize kwa uvumilivu, kwa maana humo ndimo shina lilimo.

Wazungu walikuwa wamejikatia mashamba makubwa katika vilima vya Djugu, ya kahawa na ya ng’ombe. Tarehe 20 Julai 1973 ilitoka sheria ya ardhi, na Novemba mwaka ule Mobutu alitangaza kwamba mali ya wageni itapewa wananchi. Mashamba mengi ya huku yalishikwa na Wahema waliosoma na waliojua njia za ofisi. Semeni vizuri: ni watu wachache. Mhema wa kawaida, mchunga wa ng’ombe watano, hakupata hata kilima kimoja, lakini alikuja kulipa deni la wale wachache kwa damu yake. Sheria hiyo ilikuwa na shauri moja gumu: karatasi ya ardhi ikipita miaka miwili bila kushtakiwa, haiwezi kuvunjwa tena. Mkulima aliyezaliwa juu ya kilima hakujua kwamba kilima kimeandikwa. Alikuja kujua siku alipofukuzwa, na miaka miwili ilikuwa imekwisha kupita.

Katikati ya mwaka 1999 moto uliwaka kule Walendu-Pitsi juu ya mashamba hayo. Wakati ule jeshi la Uganda lilikuwa limeshika nchi. Mwezi wa Juni jenerali wake mmoja alitangaza jimbo la Kibali-Ituri na kuliwekea gavana, kana kwamba nchi ni yake. Kutoka hapo siasa iliingia katika ugomvi wa mashamba kama petroli. Vilitokea vyama vyenye majina mazuri ajabu: muungano wa wapenda nchi, mbele ya wazalendo, nguvu ya kupinga. Ukisikia majina yao ungesema wote wanapigania Kongo nzima; ukitazama waliokuwamo, kila kimoja kilikuwa na kabila lake. Agosti 2002 UPC iliushika mji wa Bunia. Tarehe 24 Februari 2003 ilikuwa zamu ya Bogoro, na waliokufa kule walikuwa Wahema. Hatutapima leo maiti za upande huu na za upande ule. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya watu 50,000 kwa miaka michache, na hakuna kabila lililokosa sehemu yake.

Mwezi wa Aprili 2003 tume ya kutuliza Ituri ilikutana Bunia, wakubwa wakasema maneno ya amani. Tarehe 6 Mei askari wa mwisho wa Uganda waliondoka mjini, na mara wanamgambo walianza kupigana mtaa kwa mtaa. Mapadri wawili waliuawa mjini mwezi ule. Maelfu ya watu walikimbilia karibu na uwanja wa ndege, wakalala juu ya udongo chini ya macho ya askari wa Umoja wa Mataifa. Juni walifika askari wa Ulaya wakiongozwa na Wafaransa, wakakaa hata Septemba, na ikatangazwa kwamba Bunia ni mji usio na silaha za kuonekana.

Silaha za kuonekana! Tuliyacheka maneno hayo wakati ule, kwa maana kila mtu alijua zimefichwa wapi. Lakini walisema kweli kuliko walivyojua. Bunduki nyingi zilichukuliwa baadaye, na wakubwa wengine walihukumiwa La Haye: Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita, Germain Katanga mwaka 2014 kwa ajili ya Bogoro, Bosco Ntaganda mwaka 2019. Silaha zisizoonekana zilibaki nyumbani mwetu, na hakuna askari wa Ulaya anayeweza kuja kuzitafuta chini ya kitanda.

Tuzitaje. Kuna bei ya jirani na bei ya “wale” katika soko moja, kwa mafungu yaleyale ya maharagi. Kuna mgonjwa anayepita mbele ya dispansari ya karibu na kutembea saa mbili zaidi, kwa sababu muuguzi wa hapa si wa kwao. Kuna kijana anayetaka kuoa, na swali la kwanza la mzee ni lile la bariere. Katika sikukuu moja ya parokia hii, na tunasema kwa haya, sufuria zilipangwa chini ya miembe, na kila watu walikula sufuria ya mama zao tu, wakiogopa sumu. Padri aliyekuwa mgeni alifurahi sana kuona sufuria nyingi hivyo.

Lakini tuwape mama zetu heshima yao. Wakati wanaume walikuwa bado wanahesabu visasi, wao walianza tena soko. Mama wa Kilendu alikuwa na mihogo, maharagi na sombe. Mama wa Kihema alikuwa na maziwa. Watoto wa wote wawili walikuwa na njaa. Walipanga kukutana nusu ya njia, asubuhi sana, bila kuwaambia waume zao. Mara ya kwanza, wanatuambia, hawakusemezana. Waliweka vitu chini, wakabadilishana kwa mikono, wakaondoka bila kugeuka. Mara ya nne mmoja aliuliza habari za mtoto. Katika mikutano yote ya amani tuliyoalikwa, yenye posho na maji ya chupa, hatukusikia neno lililofika mbali kama swali hilo.

Sasa tufike kwenye kiwanja.

Watu walipokimbia, nyumba hazikukimbia nao. Mhema aliyefukuzwa kilimani alikuta mjini nyumba tupu ya Mlendu, akaingia na watoto wake. Mlendu aliyetoka mjini alikuta huko nyumba tupu ya Mhema, akaingia pia. Wabira, Waalur na Wanande nao walikuwamo, wengine kama waliofukuzwa, wengine kama walioingia. Wa kwanza hawezi kutoka kwa sababu wa pili hajatoka, na wa pili anamngoja wa tatu. Mwanzoni kila mmoja alisema: nimejihifadhi tu, mwenyewe akirudi nitampa. Miaka ilipita. Alipanda miti, akabadilisha mabati, akazika mtoto nyuma ya jiko. Halafu akaenda ofisini kutafuta karatasi yenye jina lake.

Wandugu, ile ni sheria ileile ya 1973. Jambo ambalo wachache walilifanya juu ya vilima vya Djugu, na ambalo tunalilaani kila siku, tunalifanya sisi wadogo juu ya viwanja vya mita ishirini kwa ishirini. Miaka miwili itapita juu ya karatasi hizi pia. Mtoto wa mwenye kiwanja atakuja siku moja na kuambiwa kwamba amechelewa, na yeye atatafuta kijana mwenye bunduki.

Wala si habari za kale. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vilirudi Djugu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2022, katika kambi ya Plaine Savo, zaidi ya watu 50 waliuawa ndani ya vibanda vyao. Katika kambi za namna ile kuna watu wenye viwanja mjini, na juu ya viwanja hivyo kuna wakristu wazuri wanaopokea Ekaristia.

Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilisema mwaka 2005 kwamba Uganda ilikosa wajibu wake katika Ituri, na tarehe 9 Februari 2022 iliihukumu ilipe Kongo dola milioni 325, kati yake milioni 40 kwa ajili ya mali iliyoharibiwa. Ni haki. Lakini majaji wa mbali hawawezi kutuambia nani analala leo katika nyumba ya nani. Hilo tunalijua sisi peke yetu, na tunalijua nyumba kwa nyumba.

Tunalijua kwa sababu wengine wetu ni wao. Kati ya sisi tunaosema sasa, wawili walikaa miaka mingi katika nyumba zisizo zao. Walikuwa na sababu, kama kila mtu. Hatuwataji hapa, kwa kuwa wameomba wajitaje wenyewe mbele ya wenye nyumba, na wenye nyumba mmoja wao amekwisha kujulishwa.

Kwa hiyo Baraza limefungua daftari. Humo mtu anaandika kiwanja alichoacha, au kiwanja alichokikalia, na majina ya majirani wanaokijua. Kila kiwanja kitasikilizwa na wazee wane: mmoja wa upande huu, mmoja wa upande ule, na wawili wa makabila mengine. Hatufukuzi mtu. Aliyepanda atavuna kwanza. Aliyeweka mabati, mabati yatahesabiwa. Aliyezika mtoto, kaburi halitaguswa, na njia ya kulifikia itaandikwa. Na kwa kuwa kila mmoja anamngoja mwenzake atoke, tutajaribu kuwatoa wengi kwa siku moja. Hatuna nguvu ya polisi wala ya hakimu, na tumekwisha kwenda kwa mwenye serikali wa hapa kumweleza, asije akadhani tunajifanya mahakama. Wenye karatasi mpya mikononi tunawasihi wazilete pia, wasiziogope.

Tunajua wengine wamekasirika hata sasa tunaposema. Mmoja alituambia jana kwamba tumeharibu Yubilei. Tulimjibu aje kula nasi leo, na tunamwona amekaa pale nyuma, tunamshukuru.

Viwanja vinne vimekwisha kuandikwa. Daftari liko katika ofisi ya parokia, siku ya pili na siku ya nne, tangu saa mbili hata saa sita. Wanaotoka kambini hawalipi kitu. Anayeogopa kuonekana akipita mlango ule amtume katekista wake, au aje jioni nyuma ya kengele. Kutakuwa na mtu.