Nyasi Hutaka Kupumzika

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya mkutano wa mwaka)



Waliotangulia wamezungumza juu ya sheria, uhandisi na utawala. Mimi nilimaliza Kidato cha Nne hapa mwaka 1979, nikasomea mifugo, na tangu hapo hadi kustaafu nilikuwa bwana mifugo katika wilaya za Nzega, Igunga na Shinyanga. Kwa hiyo nitazungumza juu ya nyasi. Naona vijana wanacheka. Chekeni, lakini nisikilizeni mpaka mwisho, maana nina ombi.

Mji wetu huu ulikua juu ya njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo misafara ilipita Mpwapwa na Ugogo mpaka Unyanyembe, na kutoka hapa mingine ilishika njia ya Ujiji, mingine ikaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 walikuta mji wa biashara. Vitabu vya historia hutaja sana pembe za ndovu, vitambaa na shanga. Lakini wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na Wanyamwezi hao walikuwa wakulima. Wengi walipanga safari kwa kufuata majira: kiangazi njiani, masika nyumbani shambani. Kambini walilala katika vibanda vya nyasi, na punda na mifugo ya msafara ilikula nyasi za njiani. Bila nyasi njia ile isingepitika.

Watu wa nchi hii walijua thamani ya nyasi, wakaipa akiba yake jina: ngitili. Wanyamwezi na Wasukuma wote wanalijua neno hilo. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na kufunguliwa katikati ya kiangazi, Julai au Agosti, malisho ya mahali pengine yanapokwisha. Hapo huingizwa kwanza ndama, ng'ombe wazee, wagonjwa, na maksai ambao mvua zikirudi watavuta jembe.

Sasa, vijana wa baiolojia, niulizeni: kwa nini lifungwe masika, wakati nyasi ni tele, badala ya kiangazi zinapokuwa haba? Jibu limo ndani ya shina. Kuna nyasi za msimu mmoja, ambazo huota, hutoa mbegu na kufa. Kuna nyasi za kudumu, ambazo majani yake hukauka lakini shina na mizizi hubaki hai miaka mingi. Kiangazi chote chakula chao kimewekwa chini, kwenye mizizi na kitako cha shina. Mvua ya kwanza inyeshapo, nyasi hutumia akiba hiyo kutoa majani mapya, na majani hayo ndiyo yatakayotengeneza chakula kingine. Ng'ombe akiyala mara tu yanapochomoza, shina hutoa mengine kwa akiba iliyobaki. Akirudia tena na tena, akiba huisha na shina hufa. Mahali pake huota nyasi za msimu mmoja, kisha magugu, kisha udongo hubaki uchi. Kumbe nyasi huuawa masika, nasi huja kuzililia kiangazi.

Jambo hilo tumeliona kwa macho. Shinyanga misitu ilifyekwa tangu miaka ya 1920 ili kufukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka. Halafu miaka ya 1974 na 1975 watu walihamishiwa vijijini, na wengi waliacha nyuma maboma na ngitili zao, zisiwe na mwenyewe. Ngitili isiyo na mwenyewe haifungwi. Miaka michache baadaye watu walikuwa wakiita Shinyanga jangwa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora kuanzia mwaka 1937, aliguswa sana na hali ile, na mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga.

Mwanzoni mradi ulisisitiza vitalu vya miche. Baadaye ilionekana kuwa njia rahisi kupita zote ni ile ya wazee: funga eneo, liache lipumzike. Nyasi zikarudi, na miti ikachipua yenyewe kutoka visiki vya zamani. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000. Waliozilinda ni wanavijiji wenyewe, kwa sungusungu wao na kwa mabaraza yao ya jadi, dagashida, yaliyowatoza faini waliovunja amri. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator, na mradi ukamalizika mwaka 2004.

Kwa atakayependa kuotesha, nitasema machache. Moja ya nyasi bora kwa nchi kavu ni ile ambayo wataalamu huiita Cenchrus ciliaris, yenye masuke kama mkia wa mbweha. Ni nyasi ya kwetu Afrika, na inasemekana ilifika Australia karne ya 19 ikiwa ndani ya matandiko ya ngamia wa misafara. Mbegu zake zikivunwa leo hazioti vizuri; zihifadhi mahali pakavu mpaka msimu ujao. Lima udongo uwe laini, panda mvua zinapoanza, usizifukie zaidi ya sentimita 2, kisha palilia. Msimu wa kwanza usiingize mnyama mpaka nyasi zimekomaa na kudondosha mbegu. Ukikata, acha sentimita 10 juu ya ardhi. Ukoka ni rahisi zaidi: hauhitaji mbegu, kata vipande vyenye vifundo, uvipande udongo ukiwa na maji. Zungushia eneo njia ya kuzuia moto, kwani moto wa Septemba humaliza kazi ya mwaka mzima katika saa moja.

Wengine watauliza kwa nini tusikate nyasi na kufunga marobota. Ni vizuri, lakini hapa nyasi huwa bora wakati mvua bado inanyesha, na nyasi zilizokatwa zikilowa huota ukungu. Ngitili haina taabu hiyo: nyasi hukauka zikiwa zimesimama, na ng'ombe huzifuata zilipo.

Sitaki mdhani kila kitu ni chepesi. Penye ngitili za watu binafsi, mwenye nyingi ndiye mwenye ng'ombe wengi, na asiye na kitu hununua malisho au hukosa. Penye eneo la wote, kulifunga ni kumwambia jirani azungukie mbali kwa miezi minane. Asipokubali, utafunga kwa rungu, na rungu halidumu. Wafugaji waliokosa malisho walihama na mifugo yao kusini, na yaliyotokea Ihefu mwaka 2006 na 2007, walipoondolewa na ng'ombe wao, mnayajua. Wahenga walisema ndovu wawili wapiganapo ziumiazo nyasi. Nami nimeona kuwa nyasi zikiisha, wanaopigana ni watu.

Sasa ombi langu. Chini ya uwanja wa mpira kuna eneo la shule ambalo kila aliyepita hapa analijua. Leo lina korongo linalopanuka kila masika, na mahali pengi udongo umebaki uchi. Limependekezwa tuchange tujenge ukuta. Naomba kabla ya ukuta tujaribu ngitili, kwa misimu mitatu. Ng'ombe wa majirani hupita pale, kwa hiyo nimekwenda kukaa na wazee wa mtaa. Hawakukataa. Wametaka mambo mawili: njia ya mifugo kwenda kwenye maji ibaki wazi, na Agosti wao pia wapewe sehemu ya kulisha. Mimi naona ni haki. Masharti hayo yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na wanafunzi wapime kila mwaka kina cha korongo na idadi ya mashina katika mita moja ya mraba, ili misimu mitatu ikiisha tubishane kwa takwimu.

Mvua ni Novemba. Kikao cha kamati kikichelewa mpaka Januari, tutakuwa tumepoteza mwaka. Ndugu Mwenyekiti, naomba jambo hili lipigiwe kura leo.