Usukani Ukilia, Sikiliza

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama mjini Garissa. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya ndugu waliokuwa safarini siku ile.)



Twawashukuru kwa kuja, hasa ninyi mliofika jana usiku kutoka Wajir na mkaacha usingizi ili kuhudhuria. Leo hatutasema habari ya mishahara kwanza, ingawa mwishowe tutaifikia. Twataka kusema habari ya mlio mdogo, ule wa "ka-ka-ka" au "tak" unaosikika dereva anapokata kona. Wengi wetu tumeusikia, tukaongeza sauti ya redio, tukaendelea na safari. Mlio huo ni habari, ndugu zetu. Dereva asiyeisoma habari hiyo hapa Garissa, atasomewa porini.

Twaanza na kisa. Mwenzetu mmoja aliendesha Land Cruiser ya tajiri wake kwenda Liboi. Kila alipokata kona mchangani alisikia mlio upande wa kushoto. Alimwambia msimamizi kwa mdomo. Msimamizi akamwuliza, "Gari linakwenda au haliendi?" Likawa linakwenda, naye akaenda. Walipopita Dadaab jointi ya gurudumu la mbele ikavunjika, na vipande vyake vikabana hata usukani ukakataa kugeuka. Watu wakakaa chini ya mgunga mpaka siku ya pili, na maji waliyokuwa nayo yalikuwa dumu moja.

Hayo yalipita. Lakini mwisho wa mwezi bei ya jointi ilikatwa katika mshahara wa dereva, kwa neno kwamba yeye ndiye aliyeivunja. Tulipokwenda kumtetea tuliulizwa, "Iko wapi karatasi inayoonyesha kwamba alisema?" Karatasi haikuwapo. Ndipo tukaona kwamba imetupasa kujua mambo mawili: kuutambua mlio, na kuuandika.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Usianze kufungua kitu. Anza kwa kukaza nati za magurudumu, maana barabara zetu zenye makunyanzi kama bati huzilegeza, na nati iliyolegea hulia kama jointi mbovu. Kisha zungusha macho katika tairi. Kokoto au msumari uliokwama hupiga "tak" kila gurudumu linapozunguka, na mlio huo husikika hata gari likienda moja kwa moja. Tumeona mtu akinunua jointi mpya kwa sababu ya kokoto.

Ukiisha kuhakikisha hayo, jiulize swali moja: mlio unasikika gari likiwa limesimama, au mpaka litembee?

Simamisha gari mahali palipo sawa, injini ikiwaka, breki ya mkono ikiwa imevutwa, na ugeuze usukani kushoto na kulia. Ukisikia "tak" na hali magurudumu hayazunguki, ubaya uko katika viungo vya usukani, katika springi, au juu ya shokabzoba. Kama pako kimya, nenda uwanjani, kata usukani mpaka mwisho, na uende mduara polepole. Ukisikia "ka-ka-ka" inayoongezeka haraka kadiri mwendo unavyoongezeka, na kuzidi unapokanyaga mafuta, basi shuku jointi za shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele, zile ambazo mafundi huziita sivi jointi.

Jointi hiyo ilibuniwa na fundi Alfred Rzeppa huko Marekani katika miaka ya 1920. Ndani yake mna gololi sita za chuma zinazokimbia katika mifereji. Jointi ikiwa imenyoka, gololi hukaa kimya hata zikiwa zimechoka. Unapokata kona jointi hukunjika, gololi huenda na kurudi katika mfereji ulioliwa, nazo hugonga. Ndiyo sababu mlio huja kwenye kona na kutoweka njia ikinyoka.

Wenye Probox, gari lenu huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo jointi hizi hufanya kazi safari nzima. Lala chini utazame mpira unaofunika jointi nyuma ya kila gurudumu. Mpira ukipasuka, grisi hurushwa nje na mchanga huingia ndani. Ukiona grisi imetapakaa upande wa ndani wa rimu, umekwisha kumpata mwizi. Mara nyingi mlio wa kona ya kulia hutoka katika jointi ya kushoto, na wa kushoto katika ya kulia, maana gurudumu la nje ndilo lililobeba uzito. Lakini si kila mara, basi tazama mipira yote miwili.

Hapa pana maneno ya fedha. Mpira uliopasuka jana, jointi ikiwa bado kimya, huhitaji kusafishwa, grisi mpya na mpira mpya tu. Jointi iliyokwisha kulia, grisi huweza kuinyamazisha kwa siku chache lakini haiiponyi. Fundi anayekwambia kwamba ameiponya kwa grisi amekuuzia ukimya. Na katika Probox jointi ikivunjika, gari halisogei tena.

Wenye Land Cruiser yenye ekseli nzima mbele, na habu za kufunga na kufungua, ninyi mna kipimo ambacho wengine hawana. Fungua habu zote mbili, weka gari katika magurudumu mawili, uende mduara. Sasa shafti za mbele hazizungushwi. Kama mlio ungali upo, si jointi hizo; tafuta kwingine. Kisha funga habu, tia magurudumu manne, na urudie mduara mchangani. Usijaribu hayo juu ya lami, maana utaumiza mitambo. Mlio ukitokea sasa, ni jointi ya ndani ya lile tufe kubwa nyuma ya gurudumu. Tazama tufe hilo. Likiwa limelowa mafuta mepesi yaliyochanganyika na grisi, sili ya ekseli imekufa, na mafuta ya difu yanaiosha grisi ya jointi.

Wako mafundi wanaohamisha jointi ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, ili gololi zisukume upande wa mfereji usiolika sana. Jambo hilo husaidia, lakini ni dawa ya muda ya kungojea jointi mpya. Na ikilia ukiwa mbali, fungua habu, rudi kwa magurudumu ya nyuma, nenda polepole, usikate kona kwa nguvu.

Wenye malori ya ng'ombe na ya chakula, magurudumu yenu ya mbele hayavutwi, basi ninyi msitafute sivi jointi. Kwenu mlio ni wa kingipini, tairodi, springi au yubolti, na huo ndio unaoua. Sivi jointi ikivunjika, mara nyingi safari hukoma. Tairodi ikichomoka, gurudumu moja huenda lipendako, na dereva hubaki ameshika usukani usio na kazi.

Kipimo chake chahitaji watu wawili. Taniboi akae ndani, injini imezimwa, ageuze usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Dereva atazame kila kiungo chini. Katika kiungo kizima pande zote mbili huenda pamoja. Katika kiungo kibovu upande mmoja huanza na wa pili huchelewa, na ukiweka mkono utausikia mgongo wa "tak" katika kiganja.

Baadaye inua ekseli. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie taniboi akanyage breki ya mguu, kisha utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, ni kingipini. Halafu tazama yubolti na majani ya springi. Unga wa kutu au alama ya chuma kinachong'aa huonyesha mahali vyuma vinaposuguana. Na ukiona gurudumu moja limekaa nyuma kuliko mwenzake, huenda bolti ya katikati ya springi imekatika. Gari hilo lisiondoke.

Twaomba sana: mchangani msitie jeki bila ubao mpana chini yake, wekeni mawe nyuma ya magurudumu, wala mtu asiingize kichwa chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Labda mtu atauliza, kwa nini habari hii iwe kubwa kwetu kuliko kwa wa Nairobi? Kwa sababu ya vumbi, joto, makunyanzi na maji. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mto Tana ulipofurika njia ya Madogo na Garissa ilifunikwa. Gari lililopita katika maji ya namna hiyo lahitaji kupigwa grisi mpya katika kingipini na kutazamwa mipira yake, maana maji na tope vikiingia havitoki vyenyewe. Tena gari likilala njiani kwetu, dereva hawezi kungoja fundi aje kwa pikipiki kutoka mtaa wa pili.

Sasa tuje kwenye haki. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yataka kila gari barabarani liwe katika hali isiyoleta hatari. Polisi akilisimamisha, wa kwanza kuulizwa ni wewe mwenye usukani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanya kazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na yamkataza mwajiri kumrudisha kazini kabla hatari hiyo haijaondolewa. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kama uharibifu huo ni kosa la makusudi la mfanya kazi. Jointi iliyochakaa si kosa la makusudi. Lakini nani atajua kwamba ilikuwa imechakaa, kama hukuandika?

Kwa hiyo kila mmoja anunue daftari. Andika tarehe, namba ya gari, kilometa, mlio ulisikika wapi, kona ipi, gari likienda au limesimama, na jina la uliyempa habari. Andika nakala mbili. Moja mpe msimamizi, ya pili atie sahihi ubaki nayo. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa, mbele ya shahidi, na ulete habari kwa karani wa tawi siku ile ile.

Hatusemi haya ili kugombana na matajiri. Tajiri mwenye akili atafurahi, maana mpira wa leo ni rahisi kuliko jointi ya kesho, na jointi ni rahisi kuliko lori lililopinduka. Twasema ili mwenzetu asilale tena chini ya mgunga, kisha akatozwa fedha kwa kulala huko.

Mkutano ukiisha, Probox moja na lori moja vitakuwa uwanjani. Njooni wote mfanye vipimo hivi kwa mikono yenu. Mataniboi waanze.